Mpira Mdogo Haupiti: Maneno ya Washonaji wa Chumba cha Chini

Mgeni rasmi, katika jengo hili zima la sayansi hakuna anayeijua protini ya bakteria kutushinda sisi washonaji. Tunasema hivyo kifua mbele. Mpaka mwezi uliopita, kusema kweli, tulidhani protini ni maharage.

KARIBU

Karibu sana. Kiti ulichokalia kimeletwa asubuhi hii. Siku nyingine hapa tunakalia majora ya vitambaa. Tuko wanne: Fundi Suruali, Mama Pacha, wifi yake, na mimi mzee niliyepewa kusoma, ninayeitwa Bibi Miwani. Waliopanga shughuli wametuweka mstari wa nyuma, karibu na ndoo.

HISTORIA

Wiki tano zilizopita Mtaalamu, mkuu wa maabara ya ghorofa ya tatu, alishuka na mchoro. Alitaka mfano wa kitambaa, mrefu kuliko mtu, wa mfereji ulio kwenye ngozi ya bakteria wa udongoni, ili watoto wa shule wapitishe mipira kwa mikono yao. Ni vipande vinne vya protini vinavyofanana, vimesimama duara bega kwa bega kama mawifi wanaoteta, katikati vimeacha njia. Juu njia ni nyembamba. Hapo panaitwa mchujo. Katikati kuna kijumba cha maji. Chini kuna mlango, nao hufunguka uchachu, yaani asidi, ukizidi ndani ya bakteria. Mpira mkubwa ni potasiamu, upite. Mpira mdogo ni sodiamu, usipite.

Mama Pacha akauliza kwa adabu, mkubwa unapita vipi mahali mdogo unakwama? Mtaalamu akasema hilo ni suala la nishati. Tukauliza tena, akasema nishati kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu alitazama saa, akapanda ngazi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye ana upara, lakini hilo si letu.

MAFANIKIO

Jibu tulilipata kwa mwanafunzi wake, binti mpole aliyekuja kupunguziwa sketi. Alisema potasiamu na sodiamu zote hutembea zimevaa maji kama koti, na mwenye koti haenei kwenye mchujo. Mtaalamu angesema koti tangu mwanzo, tusingesumbuana.

Tukajaza vitanzi ndani ya mchujo, pande zote. Mpira mkubwa ukifika, vitanzi vinaushika kila upande, sawasawa na koti lilivyokuwa limeushika, kwa hiyo unavua bila kujuta. Mdogo hauvifikii vyote. Ukivua utabaki uchi na hakuna wa kuushika vizuri, basi unang'ang'ania koti lake na kubaki nje. Huo ndio ujanja wote, mgeni rasmi. Mchujo haupimi ukubwa, unapima nani atakumbatiwa.

Binti akatuambia pia kwamba potasiamu hupita foleni moja, ya nyuma ikiisukuma ya mbele, mamilioni kwa sekunde, na hakuna inayoambiwa irudi kesho. Ofisi za ghorofa ya tatu zingeshuka kujifunza.

CHANGAMOTO

Jumatatu kilipigiliwa kibao kando ya mfano: "Umebuniwa na kutengenezwa na Mtaalamu." Sisi hatumo hata kwa maandishi ya chini. Tulimwendea. Akatujibu kwa upole wote, "Mama zangu, kibao ni kidogo." Kibao kina upana wa mlango. Fundi Suruali, ambaye ana ndevu, naye aliitwa mama.

Leo utatamka nani atengeneze mifano mingine ishirini ya shule, na tumeambiwa kazi itamwendea aliyetengeneza huu. Mtaalamu ameshamwahidi shemeji yake mwenye duka la mapazia. Tukiikosa, chumba cha chini kinafungwa mwisho wa mwezi. Fundi Suruali ameshaifunga cherehani yake kwa kamba, tayari kuibeba.

MAOMBI

Ni moja. Kabla ya kutamka, uulize mfano huu ulitengenezwa na nani, na umuulize kila mmoja wetu. Usituamini kwa sura; mimi mwenyewe hudanganya umri wangu.

Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mkono usiotetemeka unapotia sahihi.

Ni sisi,
Washonaji wa Chumba cha Chini

Nyongeza, kwa peni, tukiwa hapa kwenye viti: Mtaalamu amemaliza hotuba yake sasa hivi, na amekuambia mchujo aliushona mwenyewe nyumbani kwa cherehani ya mkewe. Alipopita kurudi kitini nilimpa pole ya kazi, nikamuuliza, "Baba, pale kwenye vitanzi cherehani haikukuvunjia sindano?"

"Mbili tu, mama," akasema, na dereva wako, aliyekaa hapa nyuma nasi, amesikia.

Mgeni rasmi, mchujo ule haukushonwa. Tuliufuma kwa mkono, siku tisa, na hauna tundu hata moja la sindano ya cherehani.