Marehemu Mwalimu Sylvanus Okemwa na Mhimili wa Tatu

Marehemu Mwalimu Sylvanus Okemwa alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 karibu na Nyamarambe, kifungua mimba wa Mzee Masese na Mama Persis. Alisoma shule za karibu na nyumbani, kisha uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1984.

Alifundisha mekanika, elimu ya nguvu na mwendo, katika chuo cha ufundi mjini Nyamira hadi alipostaafu mwaka 2021. Aliwaambia vijana kwamba kitu hakitulii mpaka nguvu zake zisawazike na momenti, yaani nguvu mara umbali wake, zijumlishwe kuwa sufuri kwenye mihimili yote mitatu: wa mbele na nyuma, wa kushoto na kulia, na wa juu na chini. Hata nyumbani hakuacha. Mtoto akiegemea pembe ya meza, aliulizwa kwanza ni mguu upi wa meza ungeinuka, ndipo apewe chai.

Tarehe 4 Juni 1988 alifunga ndoa na Ruth Nyangate wa Itumbe. Mungu akawajalia Nyanchama na Ian.

Hatutaficha kilichomzeesha. Agosti 2009 alipiga hesabu ya nyaya tatu za kushikilia mlingoti wa vipaza sauti vya makambi ya kanisa. Alitafuta momenti za upepo wa mbele; wa upande akauruka, akidhani kilima cha majani chai kingeukinga. Ukaja huo huo wa upande. Mlingoti ulianguka Fundi Ondieki akiwa juu, rafiki yake aliyesoma naye darasa moja, naye akapoteza mguu. Mwalimu alienda kuomba msamaha kila mwaka. Ondieki hakuwahi kumjibu. Maji yakimwagika hayazoleki, na ilituuma sana kumwona akirudi kutoka huko.

Figo zilimsumbua tangu 2022, akafariki tarehe 3 Juni 2024. Chini ya mto wake Ruth alikuta daftari. Mwalimu alikuwa amechora jeneza lake likiteremshwa kwa kamba, ncha nne za kushikwa na watu wanne, akasawazisha momenti kwenye mihimili mitatu, akarudia hesabu mara tatu. Kwenye ncha ya kichwani, kulia, aliandika jina la Ondieki.

Jumanne, Ruth alimpelekea Ondieki lile daftari. Ondieki alilipitia mstari kwa mstari, kisha akalifunga.

"Mama Nyanchama, safari hii hakuruka kitu," alisema. "Upande wangu hautalegea."

Marehemu ameacha mjane wake Ruth; watoto wake Nyanchama na Ian; mjukuu wake Natasha; na rafiki yake Ondieki, ambaye kiti chake kimewekwa kando ya kaburi, kichwani kulia, penye ncha yake ya kamba.

Mwalimu atulie kwa amani.