Roelf Boelens na Ubao Wake: Miaka Thelathini na Moja Karakanani

Mzee Roelf Boelens anastaafu leo Jumamosi, tarehe 29 Novemba, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na moja. Alipoajiriwa alikuwa fundi wa matairi. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa gari la Oosterdiep. Tangu alipokabidhiwa ubao wa kuyaita magari hajauacha, isipokuwa msimu mmoja nitakaoueleza hapa.

Mafundi walipokaa kuamua nani aandike wasifu huu, kila mmoja alimsukumia mwenzake. Mwishowe Marchien Wolting, msaidizi wa Mzee Roelf, alisema apewe binti wa Dallinga, kwa sababu yuko shuleni na hatukani anapoandika. Binti huyo ni mimi. Baba yangu, Siebren Dallinga, aliyaendesha magari ya karakana hii kwa miaka mingi, kwa hiyo mengi ya haya nimeyasikia mezani kwetu. Yaliyobaki nimewauliza wenyewe.

Karakana yetu hutunza magari mawili ya Ligi ya Magari ya Vilabu, ambamo kila gari huvaa rangi za klabu ya soka. Moja ni la Oosterdiep, jekundu na jeusi. La pili ni la Noorderveen, kijani na jeupe. Miji hiyo imetenganishwa na mfereji mmoja tu, lakini shabiki wa huku hanunui mkate wa kule. Wakurugenzi wa vilabu walipokubali magari yao yalale chini ya paa moja, walidai mstari wa manjano uchorwe katikati ya sakafu, na fundi wa upande mmoja asiazime spana ya upande wa pili. Mzee Roelf aliuchora mstari huo mwenyewe, ukanyooka vizuri sana. Kisha akaiweka mashine ya kahawa juu yake, nusu huku na nusu kule. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kunywa kahawa bila kukutana na jirani.

Yeye mwenyewe ni mtu wa Oosterdiep damudamu. Marehemu baba yake alikuwa na viti viwili kwenye jukwaa la mashariki, karibu na bendera ya kona, na aliwaachia wanawe. Kimoja kilikuwa cha Roelf. Cha pili ni cha mdogo wake, Harm, ambaye ndiye anayepiga ngoma kubwa ya mashabiki. Wazee wa jukwaa hilo wanakumbuka kwamba Harm alikuwa akipiga na Roelf akimshikia kofia, mvua inyeshe isinyeshe.

Ligi ilipoanza, Harm aliwaleta mashabiki uwanja wa mbio kwa mabasi. Siku ya kwanza waliimba bila kupumzika, wakauliza mapumziko ni saa ngapi, na dereva wao alipopunguza mwendo kuingia kona wakamzomea kuwa ni mwoga. Mzee Roelf aliwafuata kwenye uzio na kuwaeleza kazi ya breki, kwa upole, kama anayezungumza na wakwe. Walichokipenda mara moja ni kanuni ya mbio ya pili, kwamba aliyemaliza wa mwisho kwenye mbio ya kwanza ndiye huanzia mbele. Harm alisema kanuni hiyo ipelekwe haraka kwenye soka, kwa kuwa Oosterdiep wangekuwa mabingwa kila mwaka.

Sasa niseme juu ya ubao. Dereva anapoingia kubadilisha matairi, mbele yake kuna safu ndefu ya maboksi, yaani sehemu za kusimama, kila timu na lake. Watu wamevaa helmeti, maji yanaruka, na yeye anakuja kasi. Hana muda wa kusoma jina. Anatafuta ubao wa timu yake, na ukiinuliwa mbele yake anasimama hapo hapo. Mzee Roelf ana bega bovu la kulia, kwa hiyo huinua kwa mkono wa kushoto, na ubao wake hulala kidogo upande. Baba anasema angeutambua mlalo huo hata kwenye ukungu. Kwa misimu mitano aliendesha gari la Oosterdiep akiufuata ubao huo. Kila baada ya mbio, ashinde asishinde, Mzee Roelf alimtilia kiganjani peremende moja nyeusi ya chumvi.

Baadaye baba alihamia Noorderveen. Alivuka tu mstari wa manjano, lakini mjini ilikuwa kama amehama nchi. Oosterdiep walimwita msaliti, na Noorderveen hawakumwamini. Gari la Oosterdiep likapewa dereva kutoka Denmark, Troels Vestergaard, kijana mkimya mwenye kasi ya kutisha.

Mbio ya mwisho ya msimu ule ilifanyika kwenye mvua nyembamba. Troels alikuwa anaongoza ligi. Mzee Roelf alisimama kwenye boksi lake akimngoja aje kubadilisha matairi. Kwenye mvuke wa maji likatokea gari, na juu yake helmeti nyeupe yenye mstari wa buluu. Hiyo ilikuwa helmeti ya baba, ile ile ya zamani, aliyokataa kuibadilisha. Baba akasimama kwenye boksi la Oosterdiep. Mafundi wekundu walikuwa wameshapiga magoti kulifungua tairi kabla hawajaona kwamba gari ni la kijani. Walilisukuma mbele hadi kwa wenzao, na Troels akachelewa nyuma yake, lakini alijikaza akamaliza nafasi iliyomtosha kuwa bingwa. Jukwaani ngoma ya Harm ilianza kulia kabla bendera ya mwisho haijashuka.

Lakini waamuzi walitaka kujua kosa ni la nani. Dereva akijipeleka mwenyewe kwenye boksi la wengine, yeye ndiye huadhibiwa. Timu ikiinua ubao kuliita gari lisilo lake, timu hiyo hunyang'anywa pointi. Baba aliwaambia alipotea, na kweli aliamini hivyo. Mkurugenzi wa Noorderveen alikuwa ameshamwambia mbele ya watu kwamba moyo wake bado uko Oosterdiep na asirudi Jumatatu. Mama anakumbuka kwamba jioni hiyo baba hakuivua ovaroli yake hata alipofika nyumbani.

Picha za kamera hazikuonyesha kitu, kwa sababu ya mvuke. Mzee Roelf aliitwa na waamuzi kwa swali moja tu, kama kuna tairi lililobadilishwa. Akajibu kwamba hakuna. Wakamshukuru, wakamwambia anaweza kwenda. Hakwenda.

"Niliinua ubao," aliwaambia. "Niliiona helmeti yake, mkono ukapanda wenyewe. Yeye alifanya nilivyomfundisha."

Mmoja wa waamuzi alimwuliza kama anaelewa maana ya maneno yake kwa klabu yake. Mzee Roelf alisema anaielewa, kwa sababu ni klabu ya baba yake pia.

Oosterdiep walinyang'anywa pointi, na ubingwa ukaenda kwa klabu moja ya Ureno ambayo ilikuwa imeshaanza kufunga mizigo. Baba alirudi kazini Jumatatu. Jioni ile ile ya mbio, kwenye maegesho, Harm alimngoja kaka yake kando ya mabasi, ngoma ikiwa begani. Marchien alikuwa karibu na alisikia kila kitu.

"Ungenyamaza tu, kaka. Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi kaa na kijana wako wa kijani. Kule kwa baba usikanyage."

Na kweli hakukanyaga tena kwenye jukwaa la mashariki. Imepita miaka sita. Kila Oosterdiep wanapocheza nyumbani, Mzee Roelf huja karakanani, huwasha redio ndogo juu ya benchi la spana, na husikiliza mechi akisafisha vitu ambavyo ni safi tayari. Marchien anasema ngoma husikika kwenye redio, na ikisikika yeye huacha kusugua. Hajawahi kumsema vibaya mdogo wake. Tukimwuliza habari za Harm, hujibu kwamba anasikia mkono wake bado una nguvu.

Ule msimu uliofuata alinyang'anywa ubao, akawekwa kuosha magurudumu. Aliyaosha vizuri mno, na hakununa. Aliyemrudisha ni Troels mwenyewe, yule aliyepoteza ubingwa. Kabla ya kusaini mkataba mpya aliingia ofisini na Kiholanzi chake cha kuungaunga. Wakubwa walidhani amekuja kuomba pesa. Alisema anamtaka mzee kwenye boksi lake. "Mtu huyu akiinua ubao," alisema, "mimi nasimama bila kufikiri." Miaka miwili baadaye waliuchukua ubingwa, na safari hii hakuna aliyekuja kuwauliza kitu. Kombe liko pale kwenye kabati. Mzee Roelf aliligusa mara moja tu, kulifuta alama za vidole vya wengine.

Mafundi waliopitia mikononi mwake sasa wako kwenye karakana nyingi za Ulaya. Wakipiga simu humwuliza juu ya matairi, kisha hukaa kwenye simu muda mrefu wakizungumza mambo mengine. Mimi amenifundisha kushika spana bila kuipigania, na kusikiliza injini kabla ya kuifungua. Mwaka jana nilimwambia kwamba nataka kusomea uhandisi wa magari, na kwamba shuleni wapo wanaocheka. Alitoa peremende ya chumvi mfukoni akanitilia kiganjani, kama alivyokuwa akifanya kwa madereva. Sipendi ladha yake, lakini niliila yote.

Kazi zote hizo zinastahili shukrani. Hata hivyo, kila ninapokaa mezani kwetu na kumwona baba akimenya viazi na kulalamika juu ya serikali, nawaza kwamba kulikuwa na chumba ambamo mtu aliambiwa anaweza kwenda, naye akabaki. Sisi nyumbani tumeishi kwa kule kubaki kwake. Yeye alilipia kubaki huko kwa kiti cha baba yake.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Jumanne iliyopita jambo lilitokea.

Harm Boelens alikuja getini kwetu kwenye mvua, bila skafu na bila ngoma. Mzee Roelf alikuwa ametumwa mjini makusudi, ili tupange sherehe. Harm alimwambia Marchien kwamba amesikia kaka yake anaondoka, na kwamba hakutumwa na mashabiki. Akauliza siku ya sherehe nani atamwinulia ubao, mzee mwenyewe anapoingia uani na gari lake. Marchien alisema ni yeye. Harm akaiangalia mashine ya kahawa.

"Nionyeshe anavyouinamisha," alisema.

Tukatoka wote uani. Marchien akamwonyesha. Ilihitajika gari la kujaribia, na baba akajitolea kuwa gari, akisukuma toroli la matairi kutoka getini. Yeye na Harm hawakuwa wamezungumza tangu ile mbio. Mara ya kwanza Harm aliinua ubao ukiwa wima kabisa, na Marchien akakataa. Mara ya pili aliulaza kupita kiasi. Mara ya tatu alibadilisha mkono, akainua kwa wa kushoto, na baba akasimama na toroli mbele ya magoti yake.

"Wewe wa kijani," Harm alimwambia, "utaniua na matairi yako."

"Umeniita mwenyewe, bwana," baba akajibu.

Harm hakucheka, ila alikubali kahawa. Aliinywa akiwa amesimama juu ya mstari wa manjano, na alipoondoka alimwachia Marchien kadi ya msimu ya jukwaa la mashariki, ya kiti kilicho karibu na bendera ya kona. Alisema ameilipia kila mwaka, na kwamba hataki izungumzwe. Nimeizungumza, na naomba anisamehe.

Ndiyo maana programu hii ya sherehe inagawiwa sasa tu, baada ya Mzee Roelf kushuka kwenye gari lake. Nilipoiandika sikujua kama angesimama au angepita moja kwa moja hadi ukutani. Baba anasema hakuna haja ya kuogopa, kwa sababu dereva akiuona mlalo ule, mguu wake hukanyaga breki kabla moyo haujaulizwa.

Mzee Roelf, sasa unajua nani aliyekuita. Supu ya njegere iko jikoni, mkate wa zabibu kavu umeshakatwa, na viti vyote vimewekwa bila kujali mstari. Asante kwa miaka thelathini na moja, na asante kutoka nyumbani kwetu. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu. Jumapili ijayo Oosterdiep wanacheza nyumbani, na hapa karakanani redio itazimwa.

Jelske Dallinga, kwa niaba ya wote wa pande mbili za mstari