Wasifu wa Fundi Clementi Kwangu, Aliyeuliza Gari Linalala Wapi

Umesomwa na Mwalimu Baltazari Kwangu, mdogo wa marehemu
Butiama, Jumamosi, tarehe 20 Aprili 2024

Ndugu, majirani, viongozi wa dini zote mlio mbele yetu, na mafundi mliofunga gereji zenu leo: familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu. Mwenyewe aliniagiza mapema akiwa kitandani. Alisema, "Balta, usinipambe. Sema na pale nilipokosea." Nimetii, maana pale alipokosea ndipo penye habari njema kuliko kwingine kote.

Clementi Kwangu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa hapa nyumbani, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kwangu na marehemu Mama Wankyo. Mama alitusimulia kwamba mtoto huyo alikuja kwa haraka, mkunga akamkuta tayari analia. Tangu siku hiyo hakupenda kuchelewa, na zaidi ya hapo hakupenda kupitwa na mtu njiani.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hesabu alizipata. Insha zake zilikuwa za mistari minne, na wa nne ulikuwa "Hadithi yangu imeishia hapo." Mwaka 1975 baba alimpeleka Bunda mjini kwa Fundi Abubakary Hamduni, akakaa huko miaka mitano akijifunza umakanika. Mzee Abubakary ametangulia mbele za haki tangu mwaka 1998, lakini wanawe wapo hapa leo, na tunawashukuru. Yeye ndiye aliyemfundisha Clementi kutoyaamini maneno ya muuza vipuri. Ukiletewa difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, usiulize ina meno mangapi. Ifungue uhesabu mwenyewe, meno ya gurudumu kubwa na meno ya dogo, kwa sauti, na chaki mkononi. Clementi alihesabu hivyo maisha yake yote, hata mbele ya wateja waliomcheka.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akitengeneza malori. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia mke. Msimu wa mwaka 1983 lori lilivunjika propela, ile fimbo ndefu ya chuma inayozungusha ekseli ya nyuma, kule Guta, shambani kwa Mzee Masanja. Ilikuwa kazi ya nusu siku, yeye akaifanya kwa siku tatu. Siku ya tatu Mzee Masanja akamuuliza, "Kijana, linaloumwa ni lori au ni wewe?" Clementi akajibu kwamba lori limeshapona. Alifunga ndoa na Dotto Masanja kanisani Bunda tarehe 22 Septemba 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu: Samweli, Lilian na Nathan. Mwaka 1994 aliacha kazi ya kiwandani, akahamia Musoma na kufungua gereji yake Nyakato.

Sasa nifike kwenye ile pikapu. Wengi wenu mmeipanda, na wengine mmejifungulia humo.

Aliinunua mwaka 2003, Hiluksi ya mwaka 1988, rangi ya bluu wakati huo. Ilikuwa na mbio. Kutoka Nyakato hadi Bunda hakuna gari lililompita bila yeye kununa. Lakini ninyi mnakijua kilima chetu, kilichokaa kati ya barabara kuu na nyumba zetu. Unakipanda ukienda, unakipanda ukirudi, na mawe yake yalikuwa yanakwangua tumbo la gari. Mwaka 2005 Clementi akaona dawa ni tairi kubwa. Akazifunga. Gari likasimama juu kama ng'ombe wa mnada, kijiji kizima kikasifu, na mimi nikiwemo.

Kuanzia hapo pikapu ikawa mvivu wa kupanda. Clementi alisema ni mafuta mabaya. Baadaye akasema ni injini, akaifungua mara tatu. Injini ilikuwa nzima mara zote tatu.

Tarehe 11 Machi 2009, mvua ikinyesha, Mama Wankyo alishikwa na tumbo. Clementi alikuwa nyumbani, akampakia kwenye pikapu. Theluthi ya kwanza ya kilima gari lilipanda, kisha likazidiwa, klachi ikanuka, likazima. Alijaribu mara nne. Mwisho majirani walimshusha mama, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba na kumbeba mabegani hadi barabarani, na kaka yangu akitembea nyuma ya kitanda, ameshika viatu vya mama. Mama alipata gari la msamaria, akafanyiwa upasuaji, akapona. Aliishi miaka minne zaidi na kumtania mwanawe kila wiki: "Clementi, hilo gari lako linapendaga kubebwa." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba haogopi kuitwa fundi mbovu, anaogopa siku nyingine mtu wa huku atakufa chini ya kile kilima, na gari lipo uani.

Lilian, binti yake, alirudi kutoka chuo cha ufundi mwaka 2010. Baba yake alimpa kazi ya kuosha vipuri na kupokea simu. Miezi saba aliosha, bila kulalamika mbele ya watu. Jumapili moja ya mwaka 2011, baba yake akiwa kanisani, Lilian aliiinua ile pikapu kwa jeki, akachora mistari ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, akazungusha, akahesabu. Kisha akafungua difu na kuhesabu meno. Arobaini na moja kwa kumi: gurudumu kubwa arobaini na moja, dogo kumi.

Nilikuwepo baba yake aliporudi. Lilian hakumzunguka. Alimwambia, "Baba, tairi ulibadilisha, difu hukubadilisha. Tairi kubwa ni hatua ndefu. Mtu mwenye gunia kichwani hapandagi mlima kwa hatua ndefu."

Kaka yangu alijifungia ndani siku tatu. Mtu aliyehesabu meno ya difu za watu miaka thelathini hakuwahi kuhesabu ya kwake. Siku ya nne alitoka, akasema sawa, tutafunga ya arobaini na moja kwa tisa, maana gurudumu dogo likipungua meno, gari huongeza nguvu na kupunguza mbio. Hiyo, alisema, itaturudishia nguvu tuliyokuwa nayo zamani, na mbio nyingi zitabaki.

Lilian akakataa. Alikuwa amepata nyingine Bunda, thelathini na tisa kwa nane, ameshaihesabu kwa mkono wake. Ile ya baba itarudisha nguvu ya gari tupu, alisema, na huku watu hawasafiri na gari tupu. Wanapakia pamba, wagonjwa, na mbuzi juu ya wagonjwa.

"Lakini kwenye lami itapiga kelele," Clementi akasema. "Itakula mafuta. Kila mtu atanipita! Unataka nipitwe na baiskeli?"

"Baiskeli hapana. Lakini mabasi yatakupita, na malori yatakupita."

"Mimi sijawahigi kupitwa na lori."

"Baba," Lilian akasema, "hili gari ni la lami au ni la Bibi?"

Niliwahi kufundisha miaka thelathini na sita na sijasikia swali fupi kama hilo. Clementi alikaa juu ya tairi la akiba. Mshika mbili moja humponyoka, na yeye alijua ni ipi anaiachia. Akachukua chaki na kuandika mwenyewe juu ya ile difu ya Bunda: 39/8. Akasema, "Ni la Bibi. Funga wewe. Mimi nitakushikia taa."

Mwezi Juni mwaka huo pikapu ilipanda kilima na magunia ya pamba nyuma na Mama Wankyo kiti cha mbele. Haikusita hata mara moja. Mama aliposhuka aligonga boneti kwa fimbo yake na kusema, "Leo limekula ugali."

Tangu siku hiyo kaka yangu alibadilika, na mimi nilimpenda zaidi. Alimkabidhi Lilian upande wote wa ekseli na gia. Na yeyote aliyeleta gari kuukuu akitaka difu, Clementi hakumuuliza kwanza injini ya aina gani. Alimuuliza, "Gari lako linalala wapi?" Wa mjini alimpa ya mbio. Wa Bugwema, wa mashamba ya Guta, wa huku kwetu, aliwapa ya nguvu, na aliyebisha alisimuliwa habari ya kitanda cha kamba. Yeye mwenyewe alipitwa na kila kitu kwenye lami miaka kumi na mitatu. Aliwapungia mkono waliompita. Kwa hesabu ya mkewe, Bi. Dotto, pikapu hiyo ilivusha wajawazito ishirini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyebebwa kwa kitanda.

Kaka alianza kuugua moyo mwezi Novemba 2021. Alitibiwa Musoma na baadaye Mwanza, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Aliwasahihisha madereva waliompeleka kliniki. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 9 Aprili mwaka huu, na alfajiri ya Jumanne tarehe 16 Aprili aliaga dunia hospitalini Musoma, akiwa na miaka 65 na miezi minane, mkewe akimshika mkono.

Ndugu zangu, aya inayofuata hamtaiona kwenye ratiba mlizogawiwa, kwa sababu imetokea leo asubuhi. Naisoma kwenye karatasi hii yenye tope, mnivumilie.

Kamati ilipokaa, Lilian aliomba baba yake aletwe nyumbani na pikapu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mtu wa heshima hapandishwi kwenye pikapu kuukuu, tukakodi gari jeupe lenye mapazia. Pikapu ikapewa viti na masufuria, ikaja nyuma yetu, na kila gari la msafara likaipita. Mnajua mvua ya siku hizi mbili. Kwenye theluthi ya kwanza ya kilima gari jeupe likateleza, likazima. Mahali ni pale pale kaka alipokwama na mama. Vijana wakaanza kusema tumbebe mabegani, na mimi nikasimama kwenye tope.

Kisha tukasikia ile kelele ya pikapu ikija polepole. Lilian, aliyekuwa akiiendesha, alisimama, akateremsha viti, akaniambia, "Baba mdogo, mleteni." Tuliwapanga wanaume kumi nyuma ili wasukume. Hawakuhitajika. Alipanda mpaka juu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kaka yangu nyuma yake, na sisi sote tukafuata kwa miguu. Lilian, mwanangu, mbele ya watu wote hawa nasema nilikosea. Kukosea kwangu na kwa baba yako kumefanana, na wewe umetuvusha wote wawili.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Dotto Masanja, watoto watatu, Samweli, Lilian na Nathan, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, ambaye ndiye mimi, na gereji ya Nyakato, itakayofunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi chini ya Fundi Lilian Clementi. Pikapu nayo ipo uani. Mwenye mgonjwa agonge mlango wowote.

Kaka Clementi, uliwauliza watu wengi gari lao linalala wapi. Wewe unalala hapa, kwa baba na mama, ng'ambo ya kilima, na umefika bila kubebwa. Mungu akupe amani yake.