Kabichi za Mzenga Zaenda Makambako

Tangu treni iondoke Mzenga, Yosefina alikuwa ameifunika miche yake ya kabichi kwa kanga mbili, kama mtoto mwenye homa. Miche ya kwanza ya bintiye huko Makambako iliuawa yote na baridi.

“Shikamoo, mama. Umeizoesha baridi?” aliuliza abiria wa pembeni, mwalimu wa kilimo.

“Marahaba. Nimeitilia chokaa. Redioni walisema kalsiamu ndiyo inayosaidia.”

“Kalsiamu ni mbiu ya mgambo tu, mama. Baridi ikigusa jani, mbiu hiyo inalia humo ndani ili mmea ujiandae. Kujiandaa kunataka siku kadhaa.”

“Na usiowahi kuionja baridi?”

Mwalimu akazivuta kanga, akaifunika miche vizuri zaidi. Treni ikasimama Makambako.

“Msifungue mlango!” alipiga kelele Yosefina, lakini upepo ulishaanza kuinua kanga.