Mzee Waya na Nyimbo Tisa Zisizo na Neno

Kwa miaka thelathini na tatu Mzee Waya, fundi wetu wa umeme, amepigwa shoti na kila swichi ya kiwanda hiki cha sabuni, na bado yuko hai na anakula kuliko mimi. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu. Wenye jarida la kiwanda walitafuta mtu anayemjua vizuri, wakaja kwangu mpakizi, maana hapa hakuna anayejua mambo kunizidi. Anayebisha aje tubebe maboksi.

Alipoajiriwa, chumba cha kufungashia kilikuwa na redio. Balaa tupu! Wimbo wenye maneno unaleta mjadala. Mwimbaji akilia kwamba kaachwa, akina mama wanagawanyika: hawa wanamtetea, wale wanasema kayataka mwenyewe, na huku sabuni zinapita kwenye mkanda hazina mwenyewe, zinadondoka chini pu! pu! pu! Shangazi Gundi, mkubwa wa wafungashaji, aliwahi kumnunia dada wa kubandika lebo wiki nzima kwa sababu ya mume wa kwenye wimbo.

Ndipo Mzee Waya akaokota kinanda cha umeme kilichotupwa, kimeng'oka vitufe kumi na moja kama mdomo wa babu. Akakiunga kwa waya wa feni, akarekodi nyimbo zisizo na neno hata moja. Ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo. Mikono ikafuata mdundo, sabuni zikaingia maboksini.

Lakini nyimbo nazo huzeeka. Mwaka jana meneja mpya alimkuta mtu wa mizani anakoroma, tena anakoroma kwa kufuata mdundo. Akaamuru spika zote zing'olewe Jumamosi. Mzee Waya siku hiyo hakula. Mimi niliingiwa na hofu, maana mtu yule hajawahi kuacha hata sahani ya mwenzake. Akaenda kuomba siku moja tu.

"Haya, Ijumaa," meneja akamwambia. "Maboksi mia tisa kabla lori halijaondoka saa kumi. Likipungua moja, unazing'oa kwa mkono wako."

Mzee akajifungia chumba cha mita na kompyuta ya binti yake. Akazipiga rimiksi nyimbo tisa, albamu nzima. Akazitia mbio, akazitia besi ya kutikisa kalamu mfukoni, akachanganya na sauti za humu humu: kisu cha kukatia sabuni, gundi inavyovutwa, na miguno yangu nikiinua mzigo.

Ijumaa akawasha. Jamani! Mikono ilikuwa haionekani. Shangazi Gundi alifunga sabuni, akafunga na miwani ya meneja iliyokuwa mezani, akafunga na chakula changu cha mchana. Wimbo wa tano waliupenda wakaurudisha mara nane. Saa sita tu, maboksi mia tisa yako mlangoni. Mimi nilikuwa nayabeba kumi kumi, nikajiambia kweli uzee haujanipata.

Kumbe maboksi mengi yalikuwa mepesi.

Kwenye wimbo wa tano Mzee Waya alitia kengele ya mizani, ile inayolia boksi likijaa. Mikono ya wafungashaji imezoea hivyo: kengele ikilia, funga. Na humo wimboni ilikuwa inalia kila baada ya sabuni nne. Boksi linataka ishirini na nne!

Meneja akaja, anapapasa bila miwani, akatikisa boksi moja. Likalia kama njuga.

"Mzee," akasema taratibu, "kalete bisibisi."

Mzee Waya akaileta. Shangazi Gundi akapanda juu ya stuli.

"Meneja mwanangu, saa kumi bado. We Waya, kuitoa hiyo kengele yako kunachukua muda gani?"

"Dakika kumi, Shangazi."

"Fanya tano. Na wewe mpakizi, baba wa nguvu, turudishie maboksi yote mepesi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikarudisha. Tukaanza upya, bila kengele.

Saa kumi kasoro dakika nane boksi la mia tisa likafungwa, limejaa pomoni. Aliyelifunga ni meneja mwenyewe: alikuwa amekuja mkandani kutafuta miwani yake, wimbo wa saba ukamshika mikono.

Hofu aliyobaki nayo Mzee Waya ni kwamba akitoka getini, kinanda nacho kitatolewa. Juzi meneja alikibandika kibati: MASHINE NAMBA 14. Na hapa kitu chenye namba hakiondolewi. Namba 3 ilikufa miaka tisa iliyopita na bado tunaipaka grisi kila Jumatatu.

Asante, Mzee Waya. Nenda kalale mchana mpaka uchoke kulala, afya isikuache, mama watoto akuvumilie. Namba 14 iko salama: grisi yake imeshaagizwa.