Arobaini ya Watoto Wanne wa Bi Saleha

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum, na wenye salamu zao nyingine nao nawapokea. Ni mimi Uweso wenu, Jumapili hii. Leo kabla sijasema lolote najishtaki mwenyewe, maana nikingoja nishtakiwe nitaaibika zaidi.

Jumanne iliyopita, saa moja jioni, nilisoma matangazo ya vifo. Nikasoma la Bi Saleha binti Tahiri, wa hapa Pangani mjini, miaka sitini na nne. Nikasema kwa sauti yangu hii hii: "Marehemu ameacha watoto wachanga wanne." Nikakunja karatasi, nikaenda kwenye habari za mpira.

Karatasi haikusema hivyo. Karatasi ilisema: "Ameacha watoto wachanga wanne wa paka." Nililiona neno paka. Macho ninayo, miwani ninayo. Nikajiambia, huyu aliyeandika kachanganyikiwa kwa msiba, au kuna mtu ananitania. Nikalikata kwa kalamu nyekundu kama mwalimu.

Basi loo! Asubuhi yake, kabla jeneza halijatoka, uani kwa Bi Saleha walikwishafika wanawake kumi na mmoja. Huyu na maziwa ya kopo, huyu na nepi, huyu na chandarua kidogo. Mtu na mkewe walipanda kivuko alfajiri kutoka upande wa Mwera, na shali jipya la manjano, wakaomba wapewe hata mmoja wamlee. Na wengine, mnawajua, walikuja na masikio tu. Miaka sitini na nne? Wachanga? Wa nani?

Wasikilizaji wapendwa, Bi Saleha hakuzaa. Narudia, Bi Saleha hakujaaliwa kuzaa. Alikaa na mumewe, marehemu mzee Abass, miaka ishirini na mbili, na maneno ya watu aliyasikia yote. Mimi nikaja kumpa watoto wanne redioni, siku ya kufa kwake.

Nilikwenda kuomba radhi. Nilimkuta Rahila, mtoto wa kaka yake, aliyekuja kutoka kazini kwake Horohoro. Akasema, "Mjomba Uweso, shangazi angecheka mpaka ushungi umdondoke. Lakini mie sicheki." Nikanyamaza. Mke wangu atawaambia, hilo si jambo la kawaida.

Kwa hiyo leo tumkumbuke Bi Saleha kama alivyokuwa, na neno lile tulirudishe mahali pake.

Alizaliwa Mwera. Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Bi Saleha anaingia na kikapu chake: mafuta ya nazi, udi, kanga za kufungia tumbo. Hatoki mpaka arobaini. Mama anakandwa kwa maji ya moto, mtoto anapakwa mafuta, ananyooshwa viungo, anaviringishwa. Siku arobaini. Miaka thelathini na kitu alifanya kazi hiyo. Nusu ya mnaonisikiliza hapa mjini mlinyooshwa magoti na mikono ile, na kama yamepinda, hilo si lake, ni la kwenu.

Miaka tisa iliyopita alikuwa akimkanda jirani yake, Tuhfa, uzazi wa kwanza. Juu ya dari kulikuwa na paka kazaa. Siku moja bodaboda ikamgonga yule paka njiani. Watoto wakabaki darini wanalia. Siku nzima wanalia.

Tuhfa mwenyewe anasimulia: "Nikamwambia, Bi Saleha, hao nao watoto. Mie kila wakilia maziwa yananitoka wenyewe, kanga yote imelowa. Akanijibu, nyamaza wewe, unataka nikuletee na paka uwanyonyeshe? Kisha nikaona anatafuta ngazi."

Akawateremsha kwenye ungo. Watatu, macho hayajafunguka, kila mmoja hajai kiganja. Na Bi Saleha akafanya alichokijua. Akawapaka mafuta ya nazi. Akawanyoosha viungo. Akamlaza wa kwanza chali kwenye mkono, kama anavyolazwa mtoto wa mtu, akamtilia maziwa ya ng'ombe kinywani kwa kijiko.

Wa kwanza alikufa jioni ile. Wa pili akafa asubuhi.

Akamfunga wa tatu kwenye kitambaa, akaenda naye kwa daktari wa mifugo, Anastazia. Huyu ni binti wa Muheza, wakati huo ndio kwanza ameanza kazi hapa. Bi Saleha akaelezea yote, na mafuta, na kijiko. Anastazia anasema alishindwa pa kutazama.

"Mama, paka halazwi chali," akamwambia. "Maziwa yanaingia kwenye mapafu. Anazama. Na ukimlowesha manyoya kwa mafuta, baridi inamuua."

Bi Saleha akauliza, "Yaani mie ndiye niliyewaua?"

"Hukujua, mama."

"Mwanangu, mie watu wananiita nikawafundishe kushika mtoto."

Akakaa kwenye benchi pale. Kisha akasema, "Haya. Nifundishe mie."

Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, anayeheshimiwa mji mzima kwa kazi yake, akakubali kuanza upya mbele ya binti anayemwamkia shikamoo. Mimi nina diploma moja tu na bado nakata maneno ya watu.

Akajifunza. Paka analazwa kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake. Maziwa ya mbuzi, ya uvuguvugu, yamechanganywa na kiini cha yai. Anapewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone. Kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Chupa ya maji ya moto inaviringishwa kanga, inawekwa pembeni mwao. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtoto wa paka mchanga hawezi kukojoa peke yake. Mama yake humlamba ndipo mkojo utoke. Kama mama hayupo, wewe unachukua pamba, unailowesha maji ya moto kidogo, unampangusa taratibu mpaka akojoe. Usipofanya hivyo, anakufa na shibe yake tumboni.

Yule wa tatu akapona. Akamwita Baki, maana ndiye aliyebaki.

Baada ya Baki, mji ulijua. Maboksi yakaanza kuachwa mlangoni. Vijana wa kivuko wakawa wanampigia kelele kutoka gatini, "Bi Saleha, mzigo wako huu, unalia!" Naye akaweka sheria zake, zile zile za wazazi. Jina ni siku ya saba, si kabla. Na hakuna mtu kuja kuchagua paka kabla ya arobaini. Akija mtu siku ya ishirini anataka mweupe, anaambiwa, "Kwani mama yako alikutoa nje siku ya ishirini? Ndiyo maana."

Kila asubuhi aliwapeleka kupimwa. Mizani ya paka hakuwa nayo, basi akawa anakwenda kwa Shekhe, muuza viungo pale sokoni. Anawaweka mmoja mmoja kwenye sahani ya mizani, wananukia mdalasini. Niliwahi kuwakuta mwenyewe.

"Gramu mia na kumi," Shekhe anasema. "Huyu nikufungie na iliki?"

"Funga mdomo wako kwanza. Jana alikuwa ngapi?"

"Mia moja kamili."

"Alhamdulillahi. Lete wa pili."

"Bi Saleha, wateja wangu wanataka pilipili manga, wewe umenijazia manyoya."

"Wateja wako miaka yote wanakula mchanga wako hawasemi. Lete wa pili, baba."

Maneno yalikuwapo. Kwenye harusi moja, upande wa wanawake, mtu alimuuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Bi Saleha, wanao hawajambo?" Akajibu, "Hawajambo, ahsante. Mmoja leo kafungua macho. Wa kwako yule mkubwa, kafungua?" Wasikilizaji, huyo mtoto mkubwa namjua. Hajafungua mpaka leo.

Lakini Rahila anasema nyumbani shangazi yake hakuwa na mzaha huo. Alimwambia siku moja, wakiwa wawili jikoni, "Rahila, mie mikono yangu imeshika watoto wa watu wote. Kila arobaini ikiisha, nafunga kikapu changu natoka. Hawa nao nawatoa, lakini hawa angalau usiku wanalala kwangu."

Kwa miaka tisa, waliofika arobaini mikononi mwake ni tisini na sita. Nimeyahesabu majina nyuma ya kalenda zake. Wasiofika nao kawaandika, na tarehe zao. Wawili wa mwanzo hawana majina, hawakufika siku ya saba. Kaandika tu: "Wa mafuta."

Jumanne iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alikaa kitini kuwalisha wanne wapya. Walikuwa na siku sita. Bado siku moja wapewe majina. Tuhfa, jirani, alikuwa uani kwake, akasikia mmoja analia. Akalia, akalia, akapitiliza. Tuhfa anasema kwa Bi Saleha kilio hakipitilizi. Akaenda kutazama.

Alimkuta kitini, kichwa kimeinama, bomba bado mkononi. Ni presha. Watatu walikwishakula, wamelala kwenye kanga. Wa nne yuko mapajani mwake, bado.

"Nilimfumba macho," Tuhfa anasema. "Nikamfunika. Kisha nikaangalia huku na huku, sijui nifanye nini. Nikachukua lile bomba mkononi mwake, nikamlisha yule wa nne. Ndipo nikatoka kuita watu. Wengine wamenilaumu. Wanilaumu tu."

Na ni Tuhfa huyo, na machozi yake, aliyeniandikia ile karatasi. Watoto wachanga wanne wa paka. Hakukosea neno hata moja.

Wale kumi na mmoja walipoambiwa ni paka, walicheka, wakashika vichwa, wakangoja jeneza litoke, wakaondoka. Siwalaumu. Walioondoka na makopo yao ya maziwa nao siwalaumu, maana mtoto wa paka hayawezi.

Kwa familia yote ya mzee Tahiri, Mwera na hapa Pangani, na kwako Rahila, sisi wa redio hii tunasema poleni. Poleni sana. Na mimi, Uweso, binafsi naomba radhi. Mungu amrehemu Bi Saleha binti Tahiri. Sisi tuliobaki tujiulize, kila mtu moyoni mwake: ukisikia kitu kinalia ng'ambo ya ukuta, kidogo, hakina jina, unakwenda?

Sasa nisikilizeni. Rahila yuko hapa studio, amekaa mbele yangu. Amejifunga ushungi puani, kwa sababu ana pumu, na manyoya ya paka yanambana kifua. Siku tano hizi hajalala. Kesho kutwa anarudi Horohoro. Tuhfa ana mimba ya miezi minane na daktari kamkataza kushughulika na uchafu wa paka. Anastazia yuko vijijini juma zima na chanjo za ng'ombe. Wote tumewauliza. Mimi mke wangu tumemuuliza, jibu lake si la redioni.

Na boksi liko hapa mezani. Hiyo sauti mnayoisikia si mitambo, ni wao. Wana siku kumi na moja. Wawili wamefungua macho. Ni chakula chao cha saa kumi hiki, Rahila anawapa sasa hivi.

Tunamtafuta mtu mmoja. Hahitaji kujua kitu, Rahila atakuonyesha yote leo na kesho: maziwa ya mbuzi, pamba, bomba, chupa. Ni siku ishirini na tisa tu zimebaki kufika arobaini yao. Namba ni hii hii ya studio mnayonipigia kuomba nyimbo. Idarusi, fundi mitambo wetu, amefungua laini. Muziki ameuzima, ili nisikie vizuri.

Nangoja.

Rahila amemaliza wawili. Anamshika wa tatu.

Haloo? Hapana, samahani, ni waya tu unakwaruza.

Idarusi, laini ipo? Ananiambia ipo.

Wasikilizaji wapendwa, mtu mmoja. Hata kama uko mbali, hata kama ni ng'ambo ya mto, tutakuletea wenyewe mpaka mlangoni.

Haloo?