Kitabu Kilichokaa Katika Kapu la Unga

Habari za maisha ya Loisi Nzunda, mke wa Hezron Haonga, zilizosomwa na mdogo wake, Mwalimu Watson Nzunda, katika mazishi yake hapa Iyula, Ijumaa tarehe 10 Agosti 1956.

Wazee wetu, mchungaji, ndugu na majirani, poleni kwa msiba. Nimepewa kazi ya kueleza Loisi alikuwa nani. Wengi mlimjua kwa kahawa yake iliyopaliliwa vizuri na kwa ukimya wake. Mimi nilimjua zaidi kwa jambo moja lililonisumbua miaka mingi. Kila siku, kabla ya kupika, alikaa peke yake na kitabu kwa muda wa maji kuchemka, nami nilitaka sana kujua alikuwa akifanya nini hasa. Yeye aliniita Mwenye Maswali. Mtanivumilia leo, kwa sababu haya ninayoyasoma nimeyapata kwa kuuliza uliza huko.

Marehemu alizaliwa Igamba, mtoto wa pili wa mzee Isaka Nzunda na mama yetu Yunisi. Tarehe haikuandikwa. Mama alisema ilikuwa wakati wa kuvuna ulezi. Baba alisema vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, Loisi alikuwa tayari anaweza kufukuza mbuzi shambani. Juzi nilikwenda Mbozi Mission kutazama daftari la ubatizo, nikakuta mwandishi wa zamani alikata shauri akaandika 1910. Familia imeukubali mwaka huo.

Mwaka 1923 alipelekwa Mbozi Mission. Hakupelekwa ili asome. Shangazi yetu aliyekaa pale alihitaji msichana wa kumsaidia kazi, na shule ilikuwa jirani na nyumba. Alisoma miaka mitatu, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1926, akapewa Agano Jipya lake mwenyewe. Mwalimu wao, Ambilikile, mtu wa Ileje, aliwaambia waliobatizwa wasome sura moja kila siku, kila mtu peke yake, kisha waombe kwa maneno yao wenyewe. Wenzake wote waliitikia kwa sauti. Loisi aliuliza itakuwaje mtu akikosa siku moja. Mwalimu akamjibu hivi: “Kesho yake usisome mbili ili kulipa. Soma ya siku hiyo tu, moja.” Dada alilishika neno hilo maisha yake yote, na baadaye mtaona lilivyowatesa watu wengine.

Jumamosi tarehe 24 Septemba 1927 aliolewa na Hezron Haonga wa hapa Iyula. Msidhani alikuja na tabia hiyo ya kusoma ikiwa imeiva. Alinieleza mwenyewe kwamba mwaka wa kwanza alishindwa vibaya. Alijaribu kusoma baada ya chakula cha jioni, akasinzia juu ya Marko. Alijaribu kisimani, kitabu kikalowa. Alijaribu shambani wakati wa kupumzika, wanawake wenzake wakasema mke mpya wa Hezron ni mvivu mwenye kisingizio cha dini. Mwaka 1928 mtoto wao wa kwanza, Amoni, alifariki akiwa na miezi mitano, na Loisi akakaa siku arobaini bila kukifungua kitabu. Siku ya arobaini na moja alisoma sura moja tu, akalia, akaenda kupalilia.

Baada ya hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Alilifunga Agano Jipya katika kitambaa cha marikani akaliweka ndani ya kapu la unga, juu kabisa. Mke wa nyumba anaweza kusahau mambo mengi, lakini hawezi kusahau unga. Kila alipotia mkono ili apike ugali, mkono ulikutana na kitabu kwanza, naye alijiwekea sharti kwamba kabla hajasoma na kuomba, unga hautoki. Nilimuuliza kama hakuona haya kumfungia Mungu jikoni. Alisema Mungu hakulalamika, waliolalamika ni wenye njaa.

Mwaka 1934 walipanda kahawa yao ya kwanza. Mwaka 1938 Hezron aliaga, akapita Tunduma kwa miguu pamoja na wenzake, wakaenda Rhodesia ya Kaskazini kuchimba shaba. Barua zilikuja mpaka katikati ya 1940, kisha zikakatika. Waliorudi kutoka huko walisema mambo tofauti. Mmoja alisema Hezron amekufa. Mwingine alisema ameoa Mbemba, mwanamke wa huko. Mwingine hakusema kitu, akatazama chini, na hilo ndilo lililomuumiza dada zaidi.

Tarehe 31 Mei 1943 wazee wa ukoo walikaa. Walisema shamba haliwezi kukaa bila mwanamume na watoto watatu hawawezi kukaa bila baba, kwa hiyo Loisi arithiwe na mdogo wake Hezron, shemeji yetu Ezron. Ezron yupo hapa, ameniruhusu niyaseme haya, na mkewe pia ameniruhusu. Loisi hakupiga kelele. Aliomba muda. Alisema kitabu chake kina sura mia mbili na sitini, kesho anaanza Mathayo, na atasoma moja kila siku kama kawaida yake. Siku atakayomaliza Ufunuo, Hezron akiwa hajarudi, wakae tena. Wazee walitazamana, wakakubali, wakidhani kitabu chenyewe ni kidogo.

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilianza kupendezwa na Biblia kwa namna yake. Ezron alipita kila wiki kuuliza amefika wapi, akamshauri kwa upole asome mbili mbili, kwa kuwa neno la Mungu halina kipimo. Mimi, ndugu yake wa damu, nilimshauri asome nusu nusu, kwa sababu hiyohiyo. Sote wawili tulipata jibu moja, lile la Mwalimu Ambilikile: ya siku hiyo tu, moja. Nilikasirika. Nilimwambia anajichimbia shimo kwa mkono wake mwenyewe. Aliniambia kwamba akianza kukitumia kitabu kuwadanganya wazee, asubuhi hatakuwa na mahali pa kwenda.

Jumapili tarehe 29 Agosti, mama mkwe wake alikuja kuazima unga. Loisi alikuwa nje anachanja kuni. Mama akatia mkono kapuni, akagusa kitu kigumu kilichofungwa kitambaa, akautoa mkono haraka. Kwa mama yule, kitu kilichofungwa na kufichwa ndani ya chakula kilikuwa na maana moja tu. Alimwita Ezron, akamwita na jirani, akasema sasa anajua kwa nini mwanawe amepotea, mkwe huyu anawalisha watu dawa. Loisi aliingia, akapiga magoti, akakifungua kitambaa mbele yao. Mama aliona kitabu, akauliza kinafanya nini katika chakula. Loisi alimjibu, “Nisipokishika, mama, sipiki. Leo bado sijapika.”

Mama mkwe hakuamini. Akavuta kigoda, akaketi, akasema asome yeye akisikia, ajue kama hayo ni maneno ya watu au ya uganga. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, nanyi mnaojua mnakumbuka kwamba mwandishi anaanza kwa kutaja kitabu kingine alichokwisha kukiandika. Mama alimkatiza papo hapo. Alitaka kujua hicho kingine kiko wapi. Loisi akasema ni Luka, na amekwisha kukipita. Mama alinuna. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa, kwa kuwa alitaka kujua wale watu wa kitabuni walifanywa nini. Tangu siku ile dada hakusoma peke yake tena, ila maombi yake aliendelea kuyaomba peke yake, mama akitoka nje na kungoja.

Tarehe 15 Februari 1944 Loisi alisoma sura ya mwisho ya Ufunuo. Hezron hakuwa amerudi. Wazee walikuja mchana ule, nami nilikuja. Dada alikuwa amevaa nguo safi, mikono mapajani, na nilipomtazama niliogopa. Mzee mmoja alianza kueleza kwamba ahadi ni ahadi. Hapo mama mkwe, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasimama mlangoni.

“Mimi nilianza kusikia katikati,” alisema. “Kuna vitabu vinne vya mwanzo ambavyo huyu alivisoma peke yake. Hamtamgusa mkwe wangu mpaka anisomee mwanzo.”

Wazee walimweleza kwamba jambo la ndoa na jambo la kitabu ni mambo mawili. Akasema kwake ni moja, na unga wa nyumba hii anaujua yeye. Ezron ndiye aliyecheka kwanza, kisha akasema yeye pia hana haraka. Kwa hiyo kesho yake asubuhi dada alifungua Mathayo upya, safari hii kwa sauti.

Hezron alirudi Jumapili ya Mitende, tarehe 2 Aprili 1944. Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo sura ilikuwa inahusu mume au safari au furaha. Ilikuwa Luka, sura ya tatu, na walikuwa wamefika kwenye ile orodha ndefu ya majina ya mababu. Mimi nilikuwapo, nimewapitia twende pamoja ibadani Mbozi. Kivuli kilizuia mwanga mlangoni. Loisi aliinua macho, akaacha kusoma. Alikuwa mwanamume aliyekonda, ana mzigo begani, anaegemea fimbo. Mama alimtambua mwanawe kabla yetu sote, machozi yakamtoka, lakini alinyoosha mkono kumzuia.

“Ngoja hapo,” alimwambia. “Mababu wa mtu hawakatwi katikati. Umekaa miaka sita, yatakushinda majina haya machache?”

Hezron akangoja. Loisi alisoma hadi jina la mwisho, kidole kikifuata mstari. Akakifunga kitabu katika kitambaa, akakirudisha kapuni, ndipo akasimama. Alipomshika mumewe, mikono yake ilikuwa na unga, na Hezron hakulifua koti lile kwa muda mrefu. Baadaye alieleza kwamba mwaka 1940 mwamba ulimwangukia mguuni. Alipopona alikuwa anachechemea, akaona haya kurudi kwa mkewe katika hali ile, na haya ikala miaka mitatu.

Mama mkwe alibatizwa mwaka 1946 na akachagua jina Roda. Mchungaji alimuuliza sababu. Akasema katika Matendo alisikia habari za msichana wa jina hilo, aliyemwacha mtu anayempenda amesimama mlangoni, na yeye pia alifanya vile. Mama Roda alitutangulia mwaka 1951. Hezron, baada ya kurudi, alifundishwa kusoma na mkewe, palepale jikoni.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Oktoba mwaka jana. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alitibiwa katika zahanati ya misheni, akapata nafuu wakati wa masika, kisha hali ikarudi. Macho yalipochoka, Hezron alimsomea kila asubuhi, na mgonjwa alimsahihisha akiruka mstari. Wiki tatu zilizopita nilipata ujasiri wa kumuuliza swali langu la siku zote. Nilimwambia, miaka thelathini unaomba, miaka minne usijue mumeo yuko wapi, ulikuwa unaomba nini? Nilikuwa na hakika atasema aliomba Hezron arudi. Alijibu polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

“Hilo niliomba mwaka wa kwanza, Mwenye Maswali. Nikaona nikiomba hilo tu, siku nitakayochoka kungoja nitakifunga na kitabu. Nikaacha. Siku nyingi nilikaa tu kimya. Siku nyingine nilinung'unika. Lakini mwisho niliomba moja kila siku, kwamba kesho nirudi tena.”

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile na bado linanishinda. Mimi ni mwalimu, nimesali hadharani mara nyingi, na nimezoea kuomba vitu.

Jumatano tarehe 8 Agosti, asubuhi, Hezron alimsomea Waebrania sura ya kumi na moja. Alisikiliza yote. Alifariki kabla ya saa sita mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake Priska. Jana asubuhi wanawake waliokuja kupikia waombolezaji walimtuma Priska achote unga. Alikaa sana jikoni. Nilipoingia kumtazama, nilimkuta ameketi kwenye kigoda cha bibi yake, kitambaa kimefunguliwa mapajani, anasoma sura ya kumi na mbili. Sufuria ilikuwa inachemka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza kitu, nilitoka nikangoja nje.

Marehemu ameacha mume, Hezron Haonga, watoto wanne, Priska, Isaka, Yunisi na Roda mdogo, wajukuu watatu, shemeji yake Ezron na jamaa yake, mama yetu Yunisi, ambaye Mungu amtie nguvu, na mimi mdogo wake.

Chakula chenu, ndugu waombolezaji, hakijapikwa. Tukitoka hapa kaburini tutakwenda nyumbani, na kabla unga haujatoka kapuni tutasomewa Waebrania, sura ya kumi na tatu. Mtavumilia njaa kidogo, kama Hezron alivyovumilia pale mlangoni. Ni sura moja tu.

Dada yetu Loisi, Bwana akupumzishe kwa amani. Kesho tutarudi tena.